Kuunda amplifaya ya hedifoni yenye DAC ndani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Ninunue chipu gani ya DAC?" "Mbona nasikia mvumo?" "Kwa nini sauti inajaa nikizungusha kitufe kidogo tu?" Hilo la kwanza ndilo linaloulizwa zaidi, na ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Tazama hesabu hii. PCM5102A, DAC ya kawaida kabisa (DAC ni chipu ya kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi), inatoa volti 2.1, na kelele yake iko desibeli 112 chini ya hapo, yaani kama mikrovolti 5. Sasa chukua kipande cha waya wa ardhi (njia ya volti sifuri ambako mikondo inarudi) chenye ukinzani wa ohmu 0.02 tu na upitishe ndani yake mkondo wa hedifoni wa miliampea 50. Unapata milivolti 1 ya uchafu, karibu mara 200 ya kelele ya chipu. Ukibadilisha DAC na kuweka nyingine ya kifahari zaidi, ile milivolti 1 inabaki pale pale. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye umeme, ardhi na ukuzaji, na tutapita haraka kwenye chipu.

Tunachojenga kina vipande vinne: bodi ya USB inayopokea sauti kutoka kompyuta, DAC, hatua ya kukuza volti, na hatua ya kusukuma mkondo kwenye hedifoni. Ukimaliza utakuwa na mashine inayoendesha hedifoni za ohmu 32 hadi 300 bila shida, na utaweza kuibadilisha utakavyo kwa sababu utajua kila rezista inafanya nini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vifaa vya kazi: pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, risasi yenye fluksi ndani, multimita, koleo ndogo, bodi ya mashimo ya kujaribia, na soketi za chipu za miguu 8. Osiloskopu ikiwepo itakusaidia, lakini kazi inafanyika bila hiyo.

Vijenzi:

- Adapta inayotoa AC ya volti 14 hadi 16, angalau miliampea 500
- Regyuleta (vidhibiti vya volti) LM7812 moja na LM7912 moja
- Dayodi 1N4001 nne
- Kapasita mbili za mikrofaradi 2200, volti 35. Mbili za mikrofaradi 47, volti 25
- Kapasita za seramiki za nanofaradi 100, ziwe kumi hivi
- Chipu za kukuza: NE5532 moja na NJM4556A mbili
- Potenshiometa ya sauti, ya pande mbili, kiloohmu 10, aina ya logi
- Kapasita mbili za filamu za mikrofaradi 2.2
- Rezista: ohmu 1 (nne), ohmu 47 (mbili), kiloohmu 1, 1.5, 10 na 39 (mbilimbili), pamoja na mbili za ohmu 33, wati 1, za kufanyia majaribio
- Kapasita mbili za pikofaradi 220
- Swichi ndogo ya njia mbili
- Moduli ya PCM5102A
- Bodi ya USB yenye pini za I2S (njia ya kupeleka sauti ya dijitali kati ya chipu)
- Soketi ya hedifoni isiyogusa chuma cha kasha

Kwenye potenshiometa, zilizo nyingi sokoni zinaandikwa A kwa logi na B kwa ile ya mstari. Ukichukua B, robo ya kwanza ya mzunguko itabeba karibu sauti yote, na sehemu iliyobaki hutaihisi.

Bodi ya USB ichague kwa kasi ya sampuli unayoihitaji. Yenye chipu ya PCM2706 inaishia biti 16 na kilohezi 48, na inatosha kwa muziki wa ubora wa CD. Bodi zenye chipu ya XMOS zinapanda mbali zaidi. Hizo hutumia USB Audio Class 2, kiwango cha kupitisha sauti kwenye USB, ambayo Linux na macOS zinaitambua zenyewe. Windows inaitambua kuanzia Windows 10 toleo la 1703. Kompyuta yenye mfumo wa zamani kuliko huo itadai kiendeshi.

Adapta iwe ya AC kweli. Kwenye lebo soma upande wa kutoa, "OUTPUT": iandikwe AC au ichorwe alama ya wimbi. Ukitumia ya DC, upande mmoja wa umeme wako utajaa na mwingine utabaki sifuri, na baadaye utaona kwa nini hilo ni hatari kwa hedifoni. Nimechagua adapta badala ya transfoma ndani ya kasha kwa sababu moja: umeme wa ukutani haupaswi kuingia kwenye mradi wa mtu anayeanza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya hedifoni zako

Usikwepe hatua hii. Tafuta namba mbili kwenye karatasi ya hedifoni: ukinzani kwa ohmu, na kiwango cha sauti kwa miliwati 1. Halafu amua kilele unachotaka. Desibeli 110 ni kilele kikubwa sana. Kusikiliza kwa muda mrefu kwa kiwango hicho kunaharibu masikio, lakini kama nafasi ya juu ya mapigo mafupi ya muziki kinatosha kabisa.

Hedifoni za ohmu 300 zenye desibeli 97 kwa miliwati 1 zinahitaji desibeli 13 zaidi, yaani miliwati 20. Volti ni kipeuo cha pili cha (0.02 × 300), sawa na 2.45. Mkondo ni miliampea 8 tu.

Za ohmu 32 zenye desibeli 100 zinahitaji miliwati 10: volti 0.57, miliampea 18.

Za aina ya planari za ohmu 40 zenye desibeli 90 zinahitaji miliwati 100: volti 2, miliampea 50.

Umeona? DAC yenyewe inatoa volti 2.1. Hata hedifoni ngumu za ohmu 300 zinahitaji nyongeza ndogo tu. Ukuzaji wa mara 2.5 unatosha na kubaki, na kwa hedifoni nyepesi ukuzaji wa mara 1 ndio unaofaa. Wanaoanza hunakili michoro yenye ukuzaji wa mara 10 iliyotengenezwa kwa vyanzo dhaifu vya zamani. Matokeo yake sauti inajaa kitufe kikiwa kimezungushwa kidogo tu, kelele inakuzwa mara 10 pia, na potenshiometa inatumika pale chini ambako kushoto na kulia hazilingani. Hakuna kinachopatikana kwa kukuza zaidi ya mahitaji.

Hatua ya 2: Jenga umeme, uupime peke yake

1. Waya mmoja wa adapta ni ardhi. Huo mwingine unakwenda kwenye dayodi mbili: moja inapeleka nusu ya juu ya wimbi kwenye kapasita ya chanya, nyingine inapeleka nusu ya chini kwenye kapasita ya hasi.
2. Kapasita za mikrofaradi 2200 zinakutana katikati, na hapo katikati ndipo ardhi yako inapozaliwa. Weka alama. Tutaparudia.
3. Upande wa chanya unaingia LM7812, wa hasi unaingia LM7912.
4. Kwenye miguu ya kutokea ya kila regyuleta weka mikrofaradi 47 na nanofaradi 100 kwenda ardhi, karibu kabisa na miguu. LM7912 ikikosa kapasita ya kutosha hapo hutetema, yaani hutoa mawimbi yake yenyewe, na hutaona kwa multimita kwamba inatetema.
5. Dayodi mbili zilizobaki ziweke kinyumenyume kutoka kila upande kwenda ardhi, baada ya regyuleta. Zinazuia upande mmoja kuvutwa na mwenzake wakati wa kuwasha.

Onyo ambalo ningeliandika kwa herufi kubwa ukutani: miguu ya LM7812 na LM7912 haifanani. Ukiziangalia kwa mbele, maandishi yakikutazama, 7812 ni kuingilia, ardhi, kutokea. 7912 ni ardhi, kuingilia, kutokea. Tena bati la nyuma la 7812 limeungana na ardhi, wakati la 7912 limeungana na upande wa kuingilia, yaani volti 20 hivi za hasi. Ukizifunga zote kwenye kipande kimoja cha chuma bila kizuizi, umeziunganisha kwa shoti.

Washa bila kuunganisha kitu kingine. Pima: +12 na −12, kila mmoja ukiruhusiwa kupotoka nusu volti. Kisha geuza multimita kwenye AC na upime tena kila upande. Usomaji uwe chini ya milivolti 2. Ukiwa mkubwa, regyuleta haipati volti za kutosha kuingilia. LM7812 inataka kama volti 2 zaidi ya kile inachotoa, muda wote, hata kwenye bonde la wimbi. Kwa nusu wimbi la hezi 50, mkondo wa miliampea 100 unaishusha kapasita ya mikrofaradi 2200 kwa volti 0.9 kati ya pigo moja na jingine. Adapta ya volti 14 na zaidi inavumilia hilo bila tatizo.

Usiendelee hadi namba hizi ziwe sawa.

Hatua ya 3: Panga ardhi kwenye karatasi

Chora kwanza, ulehemu baadaye. Alama ya ardhi kwenye mchoro inadanganya: inaonyesha sehemu zote kana kwamba ni nukta moja. Kwenye bodi halisi ni nyaya, na kila waya una ukinzani.

Kanuni ni moja: mkondo mkubwa wa hedifoni usipite kwenye waya unaotumiwa na sauti ndogo kama rejeo. Kwa hiyo ile nukta kati ya kapasita mbili kubwa ndiyo kituo kikuu. Kutoka hapo vuta nyaya tofauti:

- mmoja mnene unaokwenda moja kwa moja kwenye mguu wa ardhi wa soketi ya hedifoni;
- mmoja kwa ardhi ya sauti: potenshiometa, rezista za ukuzaji, na ardhi ya DAC;
- mmoja kwa kapasita ndogo za nanofaradi 100 zilizo kwenye miguu ya umeme ya chipu;
- mmoja kwa kasha la chuma, sehemu moja tu.

Fikiria ardhi kama mfereji wa maji taka na bomba la kunywa: vyote hubeba maji, lakini huviunganishi ndani ya nyumba. Mtu akisema kushoto kunasikika kidogo kulia, mara nyingi mkondo wa kurudi wa pande zote mbili umepita kwenye uzi mwembamba wa pamoja kabla ya kufika kituoni.

Hatua ya 4: Lehemu amplifaya

Tumia soketi, usilehemu chipu moja kwa moja. NE5532 na NJM4556A zina mpangilio mmoja wa miguu: mguu wa 4 ni hasi, wa 8 ni chanya, 1 na 7 ni za kutokea. Ziandike kwa kalamu juu ya bodi ili usizichanganye.

*Kukuza volti (NE5532, nusu moja kwa kila upande).* Sauti kutoka DAC inaingia mguu wa 3. Kutoka mguu huo weka kiloohmu 10 kwenda ardhi, ili chipu isiachwe inaelea DAC ikichomolewa. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka kiloohmu 1.5, na sambamba nayo pikofaradi 220. Kutoka mguu wa 2 weka kiloohmu 1 kwenda kwenye swichi, na swichi iende ardhi. Swichi ikifungwa, ukuzaji ni 1 + 1.5/1 = 2.5. Ikifunguliwa, ukuzaji ni 1. Kiloohmu 1 ikae karibu na chipu na swichi iwe mbali. Ukigeuza mpangilio huo, waya mrefu unaning'inia kwenye mguu wa 2 na kuokota kila uchafu ulio hewani. Nusu ya pili ni hivyo hivyo kwa miguu 5, 6 na 7.

*Potenshiometa.* Inakuja baada ya ukuzaji, si kabla. Hivyo ukipunguza sauti, kelele ya hatua ya kwanza inapungua nayo. Hesabu nafasi: volti 2.1 × 2.5 ni 5.25, kilele chake 7.4. Umeme wa volti 12 pande zote unabeba hiyo bila kukata vilele.

*Kusukuma mkondo (NJM4556A, chipu moja nzima kwa kila upande).* Kutoka mguu wa kati wa potenshiometa pitisha kapasita ya mikrofaradi 2.2, halafu kiloohmu 39 kwenda ardhi. Kapasita hii inazuia DC yoyote ya hatua ya kwanza. Inaanza kupunguza sauti chini ya hezi 2, kwa hiyo besi yako iko salama. Baada ya hapo unganisha miguu 3 na 5 pamoja. Mguu wa 1 urudi kwenye 2, wa 7 urudi kwenye 6. Kila mguu wa kutokea upite kwenye rezista yake ya ohmu 1, na rezista hizo mbili zikutane kwenye soketi ya hedifoni. Kila nusu ya chipu inatoa hadi miliampea 70, zikiungana ni 140.

Rezista za ohmu 1 hazirukwi. Nusu mbili za chipu hazifanani kabisa. Bila rezista zitapigana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na chipu itachemka bila hata wimbo kucheza.

Mwisho, kila mguu wa 4 na wa 8 upate nanofaradi 100 kwenda ardhi, ndani ya sentimita 1 kutoka kwenye mguu. Si sentimita 5.

Hatua ya 5: Washa kwa tahadhari

1. Chipu zikiwa nje ya soketi, washa na upime mguu wa 8: +12. Mguu wa 4: −12. Fanya hivyo kwenye soketi zote tatu.
2. Zima. Subiri kapasita zishuke. Weka rezista ya ohmu 47 kwenye njia ya chanya na nyingine kwenye njia ya hasi, kati ya regyuleta na amplifaya.
3. Weka chipu, ukiangalia alama ya mkato ielekee upande sahihi.
4. Washa na upime volti juu ya kila rezista ya ohmu 47. Chipu zote tatu kwa pamoja hula kama miliampea 26, kwa hiyo tarajia volti 1.2 hivi. Kati ya 1 na 1.8 endelea. Ikifika 4 au 5, zima mara moja; kuna shoti au chipu iliyogeuzwa, na rezista hizo ndizo zilizoiokoa isiungue.
5. Gusa kila chipu kwa kidole. Uvuguvugu ni kawaida. Kuchoma si kawaida.

Ikiwa yote ni sawa, ondoa rezista za ohmu 47.

Hatua ya 6: Pima DC kwenye soketi ya hedifoni

Hakuna hedifoni bado. Multimita iwe kwenye milivolti za DC, potenshiometa ikiwa chini, kisha ikiwa juu. Chini ya milivolti 10 ni nzuri. Zaidi ya 20, tafuta sababu. Zaidi ya 50, usichomeke hedifoni yoyote.

Sasa lile la hatari. Upande mmoja wa umeme ukifa, labda dayodi imekatika au adapta si ya AC, chipu inakimbilia upande uliobaki na kutoa volti 10 hivi za DC moja kwa moja kwenye hedifoni. Koili nyembamba haidumu. Kama hedifoni zako ni za thamani kwako, ongeza saketi ya rilei inayochelewesha sekunde chache wakati wa kuwasha na kukata ikigundua DC. Inaondoa pia ule mshindo wa kuwasha.

Hatua ya 7: Unganisha DAC

I2S ina nyaya tatu za kazi: BCK (saa ya biti), LRCK (saa ya kushoto na kulia) na DATA (sauti yenyewe), pamoja na ardhi. Kwa muziki wa kilohezi 44.1, BCK mara nyingi inakimbia megahezi 2.8. Hiyo si sauti tena, ni redio. Nyaya ziwe fupi, chini ya sentimita 10, na waya wa ardhi uende sambamba nazo. Ukiweza, weka ohmu 22 au 33 kwenye kila waya, upande wa bodi ya USB.

Kwenye moduli ya PCM5102A kagua mambo haya kabla ya kuwasha:

- SCK iende ardhi. Hapo chipu inajitengenezea saa yake ya ndani. Ikiachwa inaelea, utapata kimya au mikwaruzo isiyo na mpangilio.
- XSMT iwe juu, volti 3.3. Ikiwa chini, chipu imejinyamazisha.
- FMT iwe chini, maana yake ni I2S.
- FLT na DEMP ziwe chini.

Moduli nyingi zina vidoti vya kulehemu nyuma kwa ajili ya miguu hii, na nyingi zinakuja havijalehemiwa. Geuza bodi, uangalie kwa jicho lako.

Bodi ya USB na moduli ya DAC zilishwe na volti 5 zile zile za USB, kila moja kwa regyuleta yake ya volti 3.3 iliyomo. Usiwashe moja na kuacha nyingine bila umeme, kwa sababu mkondo utapenya kupitia nyaya za I2S. Amplifaya ibaki na umeme wake. Ardhi mbili zikutane mahali pamoja, kwenye njia ya kuingilia sauti.

Hatua ya 8: Pima kwa mzigo bandia

Cheza toni ya hezi 100 kwa kiwango cha juu kabisa, sauti ya kompyuta ikiwa asilimia 100. Nimechagua hezi 100 kwa sababu multimita za kawaida hupoteza usahihi kwenye AC ya masafa ya juu. Potenshiometa ikiwa juu kabisa bila mzigo, utasoma volti 2.1 swichi ikiwa wazi, na 5.25 ikiwa imefungwa. Ukipata nusu yake, kagua rezista. Pande mbili zikitofautiana sana, kagua risasi iliyopoa vibaya.

Shusha hadi volti 2.00. Unganisha ohmu 33 kwenye soketi na usome tena. Ukisoma 1.97, basi ukinzani wa njia ya kutokea ni 33 × (2.00 − 1.97) / 1.97, yaani ohmu 0.5. Ndivyo ilivyotarajiwa, maana ni rezista mbili za ohmu 1 sambamba. Kanuni inayofuatwa ni kwamba namba hii isizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Ikizidi, mwitikio wa hedifoni unaanza kubadilika, hasa kwenye besi, na utalaumu DAC.

Usiupandishe mzigo wa ohmu 33 hadi juu kabisa. Volti 5.25 zingedai miliampea 159, zaidi ya uwezo wa chipu.

Hatua ya 9: Sikiliza

Anza na hedifoni za zamani. Sauti chini, chomeka, panda taratibu. Ncha ya plagi ni kushoto, pete ya kati ni kulia, shina ni ardhi. Simamisha wimbo, pandisha kitufe hadi mwisho, na usikilize ukimya. Unachokisikia hapo ndicho kipimo halisi cha hatua ya 2 na ya 3.

Hatua ya 10: Hamia kwenye bodi ya kuchapishwa

Programu ya KiCad inatosha. Tumia tabaka mbili, la chini likiwa ardhi isiyokatwakatwa, na usipitishe njia ya I2S chini ya potenshiometa wala karibu na miguu ya kuingilia ya NE5532. Kabla ya kutuma mafaili, chapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa halisi (1:1) na uweke vijenzi vyenyewe juu yake. Mashimo ya potenshiometa na soketi ya hedifoni ndiyo yanayokosewa zaidi. Kasha liwe la alumini.

Ikigoma

*Kimya kabisa.* Kompyuta inaiona bodi ya USB? Ikiwa ndiyo, pima XSMT, kisha SCK. Halafu hakikisha BCK na LRCK hazijabadilishana nafasi.

*Kelele nyeupe badala ya muziki, au vilele vinakwaruza.* DATA na LRCK zimebadilishana, au FMT iko juu.

*Mvumo mzito usiobadilika.* Pima AC kwenye +12 na −12. Umeme ukiwa safi, tatizo ni ardhi. Gusa kasha: mvumo ukibadilika, kasha halijaunganishwa au limeunganishwa mara mbili, na mara nyingi kosa liko kwenye soketi ya hedifoni inayogusa chuma.

*Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya.* Uchafu wa kompyuta unapita kwenye ardhi ya USB. Jaribu laptopu inayotumia betri pekee. Mlio ukitoweka, weka kitenganishi cha USB. Chenye chipu ya ADuM4160 kinafanya kazi na bodi za megabiti 12 kwa sekunde tu, kama ile ya PCM2706. Kwa bodi ya kasi ya megabiti 480 tafuta chenye ADuM4165.

*Chipu inachemka bila kucheza kitu.* Inatetema kwa masafa usiyoyasikia. Sogeza zile nanofaradi 100 karibu zaidi, na ukague rezista za ohmu 1.

*Sauti ya upande mmoja ni ndogo kitufe kikiwa chini, pande zinalingana kikiwa katikati.* Ni potenshiometa. Fungua swichi ya ukuzaji ili uitumie juu zaidi.

*Muziki unakatika kwa vipindi.* Toa habu, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na ubadilishe kebo ya USB. Ikiendelea, ongeza ukubwa wa akiba kwenye programu ya kuchezea. Ikiwa inakatika kwa mafaili ya kilohezi 192 pekee na ya 44.1 ni salama, fupisha nyaya za I2S na uweke zile ohmu 33 ulizoziruka.